Nauli ya Januari Huvunwa Juni

Tangu Januari 2016, mtoto wa Kitanzania haombwi ada kwenye shule ya serikali kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ndio uliolimaliza jambo hilo. Juni 2022, Dk. Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi na Waziri wa Fedha wakati ule, alisimama bungeni Dodoma kusoma bajeti, na humo ikafutwa pia ada ya kidato cha tano na cha sita. Singida tulifurahi mara mbili, kwa ajili ya watoto na kwa sababu aliyesoma ni mtu wa kwetu. Zimebaki kilomita. Hizo hazina waraka wa kuzifuta.

Naandika kwa ajili ya kilomita hizo, na kwa ajili ya kijana anayezisafiri akiwa na tranka mkononi, godoro lililofungwa kamba, na noti chache alizofichiwa na mama yake kwenye soksi.

Manyoni mpaka Singida mjini ni kama kilomita 120. Viwango vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 viliweka nauli ya basi la daraja la kawaida, kwenye barabara ya lami, kuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita. Hapo ni 5,800 na ushee. Huyo ni mtoto mwenye bahati. Mchukue mwenzake wa Nduguti, wilayani Mkalama, aliyefaulu akapangiwa kidato cha tano Songea. Anatoka kijijini kwa bodaboda, anapanda gari la kumfikisha Singida mjini, halafu basi la Dodoma, kisha Iringa, kisha Njombe, ndipo Songea. Kuanzia Singida mjini peke yake ni kama kilomita 950. Kwa kiwango kilekile ni shilingi 46,000, kwenda tu. Shule hufungwa Juni na Desemba, kwa hiyo mwaka mzima anakwenda mara mbili na kurudi mara mbili. Inafika 184,000, na bado hajanywa chai njiani, hajalala Dodoma wala Iringa, wala konda hajadai hela ya tranka.

Nyumba nyingi za mkoa huu hupata kiasi hicho cha hela ndani ya mwaka. Shida iko kwenye mwezi inapopatikana na mwezi inapotakiwa.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na kufikia Mei zimeshakatika. Alizeti, mtama na uwele vinavunwa kuanzia Mei mpaka Julai, na ndipo malori ya wanunuzi yanapopita Ikungi, Mtinko, Ndago na Shelui. Kwa wiki chache karibu kila nyumba ina noti. Noti hizo zina wenyewe wengi: aliyekopesha mbegu, fundi wa bati, harusi ya binamu, mahari ya kaka iliyobaki. Mwanafunzi wetu yuko nyumbani likizo siku hizohizo. Anashika mdomo wa gunia baba akijaza, anamsaidia mnunuzi kupandisha mzigo kwenye lori, na haimjii mtu akilini kwamba yeye pia ni mmoja wa wadai.

Halafu inafika Januari. Ghala limeshuka, unga umepanda, watu wako kwenye palizi, mnunuzi wa alizeti haonekani. Ndiyo wiki shule zinapofunguliwa nchi nzima na mabasi kujaa. Baba anakamata mbuzi anampeleka mnadani, na huko anakuta wazazi wenzake nao wameleta wa kwao, siku ileile na kwa shida ileile. Mnunuzi analijua hilo kuliko sisi. Mbuzi anauzwa kwa bei ya shida, na hata hivyo nauli haitimii mpaka mjomba apigiwe simu. Mtoto anafika shuleni amechelewa wiki mbili, wenzake wameshagawana vitanda na vitabu, mada ya kwanza ya Hisabati imeshapita. Kwenye daftari la mahudhurio anasomeka mtoro, na wakati wote huo alikuwa amekaa nyumbani na sare yake imepigwa pasi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ukisahau mengine yote shika hili: siku unayouza alizeti, kabla noti hazijakunjwa kuingia mfukoni, toa nauli ya Julai na nauli ya Januari. Ihesabu kwa magunia ukipenda, maana ndiyo lugha ya shamba. Gunia hili ni la mafuta ya nyumbani, hili ni la mbegu, haya ni ya safari. Yaandike kwa mkaa ubavuni. Mgeni akija kukopa, ataona mwenyewe kwamba magunia yale yana mwenyewe.

Pa kuiweka hela hiyo pasiwe chini ya godoro. Nina imani ndogo sana na godoro, na ndogo zaidi na kibubu kinachojulikana kilipo na nyumba nzima. Mabenki yamefungua milango kwa watoto: NMB wana akaunti ya Chipukizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, CRDB wana Junior Jumbo, na mawakala wao siku hizi wapo hata kwenye vituo vidogo vya biashara ambako zamani tulifuata benki kwa nusu siku. Kwa asiyetaka safari ya benki, laini moja ya simu inayotengwa kwa ajili ya shule tu inatosha, mradi namba yake ya siri ijulikane na watu wawili na isiwe laini inayotumika kununulia vocha.

Wapo wenye kikoba, na hapa nina neno la pembeni kwa akina mama, kwa kuwa wao ndio nguzo ya vikoba vyetu. Vikundi vingi huvunja kikoba Desemba. Naelewa, kuna sikukuu. Lakini hela inayogawanywa wiki moja kabla ya Krismasi inakutana na pilau, nguo mpya na wageni kutoka Dar es Salaam, na ikifika tarehe 5 Januari imebaki hadithi. Kaeni mkutano mmoja, msogeze siku ya kuvunja hadi wiki ya kwanza ya Januari. Haiwagharimu hata shilingi. Kikundi ambacho hakiwezi kusogeza basi kitenge fungu la shule ambalo halitolewi mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Katiba ya kikoba ni yenu, mnaiandika wenyewe.

Na wakulima wa vitunguu mnisikie. Kile kilemba kinachoshonewa juu ya mdomo wa gunia, lumbesa, sheria ya vipimo inakikataa, na nyote mnajua. Mnakubali kwa kuhofia mnunuzi ataondoka. Kila kilo inayopanda bure kwenye kilemba kile ni kilomita ya mtoto.

Sasa nimgeukie mtoto mwenyewe, maana hapa ndipo tunapokosea kwa nia njema. Jioni, mtoto yuko kidato cha tatu, anasogea pale baba alipokaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vipi?"

"Baba, nimesikia nauli imepanda."

"Wewe soma. Mambo ya hela tuachie wakubwa."

Baba anayejibu hivyo anampenda mwanawe, anataka kumpunguzia mzigo. Lakini mtoto hatui mzigo, anabaki nao gizani. Anajua hela ni ya shida, hajui ni shida kiasi gani, hivyo anaogopa kuomba hata ya peni, au anaomba kila kitu kwa sababu hana kipimo. Wote wawili nimewaona: anayekaa bila sabuni wiki tatu asimsumbue mama, na anayepiga simu kila Ijumaa akidai mchango ambao haupo.

Mara nyingi nasikia kwamba kumshikisha kijana hela ni kumharibu. Kijana yupi? Huyu wa Singida ana miaka kumi na mitano na anapelekwa machungani peke yake na ng'ombe ishirini. Anawavusha barabara ya lami, anawanywesha, anawarudisha jua likizama akiwa amewahesabu, na akipungua mmoja hataingia kula. Mali ile ni mamilioni. Dada yake ametumwa gulioni na kuku sita, amerudi na hela kamili, na bei aliipigania mwenyewe. Hao ndio tunaosema hawawezi kutunza 20,000 ya muhula.

Basi mkalishe. Ikiwa amepangiwa shule ya bweni, chukua fomu ya maelekezo ya kujiunga aisome yeye kwa sauti, nanyi wazazi msikilize. Godoro, shuka mbili, ndoo, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi. Kila kitu kitajwe na bei yake, kilichopo nyumbani kifutwe, kinachoweza kuazimwa kwa binamu aliyemaliza kidato cha sita kiandikiwe jina la binamu. Mwisho jumlisheni pamoja, nauli ikiwa juu kabisa ya orodha na kuandikwa mara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mzazi asiyejua kusoma asione haya. Kijana atasoma, mzazi atajua lipi la lazima na lipi mbwembwe, na kazi itakwenda.

Kisha mwambie ukweli wa kiasi kilichopo. "Mwanangu, baada ya nauli na vifaa imebaki thelathini na tano elfu, nayo ni mpaka mwezi wa sita." Sentensi hiyo inamheshimu. Inampa pia kazi ya kufanya: thelathini na tano kwa miezi mitano ni elfu saba kwa mwezi. Ndani yake kuna sabuni, dawa ya meno, kunyoa au kusuka kama shule inaruhusu, kalamu. Binti ana taulo za kike, na bei yake ikumbukwe hata kama baba ndiye anayeshika hela ya nyumba na hajawahi kuzinunua. Serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, mwaka uliofuata ikairudisha. Binti yako hakuwa na pa kukimbilia kote kuwili. Baba, uliza. Ukiona ugumu, muulize mama yake au shangazi yake, lakini fungu hilo liandikwe kwa jina lake na lisijifiche ndani ya "matumizi mengine".

Daftari dogo la mistari linatosha kuandikia. Tarehe, nilichotumia, kilichobaki. Akirudi likizo mlisome pamoja bila fimbo. Akiwa amepoteza elfu mbili, amemkopesha rafiki hakurudishiwa, au amekula mandazi mengi kuliko busara, mwacheni aeleze na msimalizie hasara hiyo kwa kumwongezea. Ni hasara ndogo, aibebe angali nyumbani. Mtaala mpya, uliotokana na toleo la 2023 la Sera ya Elimu, umeingiza Elimu ya Biashara sekondari. Mwalimu wa somo hilo akiwa mwelewa atakubali daftari hilo liwe mazoezi ya darasani. Walimu wangu wapendwa, hiyo ni hesabu ya kweli iliyo mkononi mwa kila mwanafunzi wako, na haihitaji kitabu kutoka wizarani.

Nauli ya kurudi ina tabia ya kuliwa. Inatoka nyumbani Januari ikiwa safi, Machi inaazimwa "nitarudisha", Mei inatafutwa. Maoni yangu, na najua wapo watakaopinga, ni haya: kwa aliye kidato cha kwanza na cha pili, mzazi asimpe kabisa nauli ya kurudi. Ibaki nyumbani kwenye ile laini ya shule, itumwe wiki ya kufunga. Kuanzia kidato cha tatu apewe aikabidhi kwa matroni au mwalimu wa malezi kwa kuandikishana, kisha ifike siku aitunze mwenyewe. Kijana wa kidato cha sita ambaye hajawahi kulala na nauli yake mfukoni bila kuigusa anakwenda chuo, na boom la kwanza, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, litamwonyesha.

Kwenye kutuma, yako mambo mawili. Moja ni makato. Mzazi anatuma elfu kumi ndogondogo, elfu mbili leo na elfu mbili keshokutwa, na kila mara analipia kutuma na kutoa. Tuma kwa mpango, mara moja kwa mwezi, na uweke na ya kutolea, kwa sababu mtoto aliyetumiwa elfu kumi kavu hapati elfu kumi. La pili ni wezi. Simu inaingia: "Wewe ni mzazi wa fulani? Mwanao ameanguka, yuko hospitali, tuma hela ya vipimo haraka kwenye namba hii." Moyo unaruka, kidole kinabonyeza. Kabla hamjaagana stendi, wekeni neno lenu la siri, jina la mbuzi wenu au la kilima cha nyuma ya nyumba, ambalo kila ombi la dharura lazima liambatane nalo. Namba ya mkuu wa shule ipo kwenye fomu ile ya kujiunga. Iandike ukutani. Mpigie yeye kwanza.

Wenye watoto wa kutwa msidhani habari hii haiwahusu. Shule za kata, zilizoota kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, zimeisogeza sekondari karibu na kijiji. Lakini kata zetu ni pana, na karibu ya Singida inaweza kuwa saa mbili kwa mguu. Mtoto anatembea, au anapanga gheto jirani na shule, chumba kimoja watatu, unga wa kubeba kutoka nyumbani kila Jumapili. Au anapewa lifti.

Lifti hiyo ndiyo nauli ghali kuliko zote. Tunalijua neno hili na tunalizungukazunguka. Binti asiye na mia tano ya bodaboda anabebwa bure Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Ijumaa anaambiwa kuna deni. Sheria iko wazi: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Tangu Novemba 2021, binti aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi darasani. Vyote viwili ni vyema, ila vinakuja baada ya madhara. Kabla yake kuna mia tano. Vijana wa bodaboda, wengi wenu ni kaka za mabinti hawa na mliwahi kukaa kwenye madawati yaleyale. Vituo vyenu vina viongozi, vina utaratibu wa zamu, mkitaka jambo linakuwa. Naomba kila kijiwe kilicho njiani kuelekea sekondari kikae na mtendaji wa kijiji na bodi ya shule, wazazi walipe kwa mwezi, na madereva wa kuwabeba wanafunzi wajulikane kwa majina na namba za pikipiki. Wazazi wakilipa mwisho wa mwezi, mbele ya mtendaji, hakuna deni la kudaiwa binti njiani.

Pale ambapo njia inaruhusu, mnunulie baiskeli. Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 kuwapa baiskeli wasichana wanaoingia sekondari. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipopima matokeo, uandikishaji wa wasichana wa umri ule ulikuwa umepanda kwa asilimia 32. Hapo jirani Zambia, utafiti juu ya wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli ulikuta utoro umepungua kwa asilimia 28. Wale si watu wa peponi, wana vumbi na mchanga kama sisi, ingawa sidhani kama wana upepo wetu wa Agosti unaokurudisha nyuma ukiwa unakanyaga. Diwani anayepanga matumizi, chama cha ushirika chenye ziada, umoja wa waliosoma shule fulani unaotaka kushona fulana za maadhimisho: baiskeli kumi za shule, zinazoazimwa kwa mwaka na kurudishwa, zitafanya kazi muda mrefu kuliko fulana. Fundi wa kuzirekebisha yupo kila kijiji.

Na yupo kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasafiri kwenye matenga hadi Dar es Salaam, wanaliwa na watu wasiojua Iguguno iko wapi. Mwanafunzi wa kutwa anaweza kuwa na majike watatu wa kwake mwenyewe, wenye alama ya kitambaa mguuni, na wakaitwa kuku wa nauli. Adui yao mkubwa ni mdondo, na chanjo yake ni tone la jicho kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ya chanjo inatosha kuku wa majirani wengi, kwa hiyo wanafunzi wa mtaa mmoja wachangishane wanunue pamoja na wachanje siku moja. Sharti langu kwa wazazi ni moja: mgeni akija, msimchinje kuku wa nauli. Mtoto aliyemlea kwa miezi minane akamkuta kwenye sufuria hatafuga tena, na hutampata wa kumlaumu.

Wenye mabasi, mawakala na makonda, neno langu kwenu si la kulalamika. Wiki ya kufungua shule ni mavuno yenu, ninaelewa. Lakini nauli elekezi haina msimu, na mtoto mwenye godoro hana mahali pa kwenda akiambiwa imeongezeka elfu tano ghafla. Wapo kati yenu wanaotenga viti vya mbele kwa wanafunzi, wanaompigia mzazi gari linapofika, wanaomshusha binti mlangoni pa shule na si barabarani gizani. Naomba hilo liwe desturi ya stendi yetu ya Misuna na si wema wa dereva mmoja. Kwa mzazi: kata tiketi mapema, hakikisha kiasi ulicholipa ndicho kilichoandikwa, na tiketi itunzwe mpaka mwisho wa safari, maana bila hiyo hata LATRA watakusikiliza wakashindwa kukusaidia. Ndani ya mji, mwanafunzi ana nauli yake ya shilingi 200 kwenye daladala, iliyoachwa palepale hata nauli za wakubwa zilipopandishwa Desemba 2023. Akiwa na sare na kitambulisho, asiombe radhi kwa kupanda.

Wazazi wa kata moja ambao watoto wao wanaelekea upande mmoja wanaweza kufanya jambo zaidi. Orodha za kidato cha tano hutangazwa wiki kadhaa kabla ya kuripoti. Mtendaji akishirikiana na mkuu wa sekondari walikotoka anaweza kujua nani anakwenda Tabora, nani Iringa, nani Arusha. Watoto sita wa Sepuka wakisafiri siku moja, mzazi mmoja akiwasindikiza hadi Dodoma, gharama ya msindikizaji ikigawanywa kwa sita haiumi, na tranka sita zikipatanwa kwa pamoja konda anakuwa mpole.

Nimebakiza ombi kwa wana Singida walio mbali. Tangu 1 Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku na mchana. Imerahisisha mengi, lakini imeleta na jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua enzi ambazo kila basi lilikuwa limelala ikifika usiku wa manane: mtoto wa miaka kumi na saba anashushwa saa tisa za usiku kwenye mji asioujua, anasubiri gari la kuunganisha juu ya tranka lake. Nyumba ya kulala wageni ni hela ambayo hatukuipigia hesabu, na kwa binti aliye peke yake ni hela pamoja na hofu.

Jimbo Katoliki la Singida lina maparokia, KKKT Dayosisi ya Kati ina sharika, misikiti yetu ina maimamu wanaomjua kila mtoto kwa jina la baba yake. Kwao ndiko orodha ya wenyeji, yaani wana Singida walio tayari kumlaza mtoto wa safari usiku huo, inaweza kukaa salama, kwa sababu mzazi atamwamini aliyependekezwa na mchungaji au imamu wake kuliko namba iliyookotwa kwenye kundi la simu. Kama unaishi Dodoma, Iringa, Morogoro au Babati na una kitanda cha ziada, mpigie katibu wa parokia, mchungaji au imamu wa kwenu kabla ya wiki ya mwisho ya Juni. Mweleze unaweza kupokea wangapi, wa kike au wa kiume, kwa usiku mmoja tu, na nani mwingine anaishi humo ndani, ili mzazi aamue akiwa anajua. Kisha mtoto akishapanda gari Misuna upewe namba ya basi na jina la konda, uende stendi mwenyewe badala ya kumtuma bodaboda, na ukishamfikisha nyumbani umpigie mama yake kabla hujampakulia. Yuko macho anasubiri.